Somo la Robo Hii: Hofu Inayokuja Ghafla

Katika toleo hili tunajifunza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona bila kuujua jina. Tuchukue mfano wa mama wa hapa Kaole anayefuata khanga na vitenge Kariakoo. Siku moja, basi likiwa limefika Bunju, moyo unaanza kwenda mbio, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, jasho linamtoka. Anajua kabisa kwamba anakata roho. Anashuka njiani. Hospitali wanapima malaria, presha, damu na moyo: hakuna kitu. Wiki mbili baadaye hali inarudi. Anaacha basi, kisha gulio, kisha hata ibada, maana huko kuna watu wengi na mlango uko mbali. Mtaji unakwisha. Ndugu wanasema ni majini, jirani anasema anajisingizia.

Hajisingizii. Mwili una kengele ya hatari: mtu akikutana na nyoka, adrenalini inamwagika, moyo na pumzi vinaongeza kasi ili akimbie. Kwa mama huyu kengele imelia bila nyoka. Kuhema haraka kunapunguza hewa ukaa katika damu, ndiyo maana ya kizunguzungu na ganzi. Hali hii hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe. Haiui.

Ugonjwa hasa ni kile kinachofuata. Mtu akipatwa mara kwa mara bila kutazamia, na kwa mwezi mmoja au zaidi akaishi akihofia litakalorudi au akakwepa mambo yake, hapo tunasema ana ugonjwa wa hofu ya ghafla. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mzunguko wake: moyo unadunda, mtu anasema "nakufa", hofu inazidi, moyo nao unazidi kudunda. Na kila anaposhuka basi anapata nafuu, hivyo anaamini kushuka ndiko kulikomwokoa. Hapati nafasi ya kuona kwamba ingeisha tu.

Tiba ya mazungumzo inampa nafasi hiyo. Si kupewa pole tu, wala si kuambiwa "jikaze", neno ambalo sisi wenyewe tumelitumia mara nyingi na halijamsaidia mtu. Mtaalamu humweleza mgonjwa mwili unavyofanya kazi, kisha humwambia akimbie papo hapo aliposimama, au ahema kwa kasi kwa dakika moja, mpaka dalili zile zile zije. Zinakuja, na hafi. Baadaye wanapanga safari kidogo kidogo: kukaa ndani ya basi lililosimama stendi ya Bagamoyo, kisha kufika Mapinga, kisha Bunju, mwishowe Kariakoo. Sharti ni kutoshuka hofu ikiwa juu. Mwanzoni dada yake anaweza kumsindikiza, lakini lazima ifike siku aende peke yake. Mara nyingi kazi hii huchukua miezi mitatu hivi.

Zipo pia dawa, kama fluoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hutolewa na daktari. Diazepamu ya kujinunulia dukani hutuliza haraka, lakini mtu huizoea na kuitegemea. Dua na sala tusiziache, ila tusimfungie mgonjwa ndani tukisubiri.

Angalizo: maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza yapelekwe hospitali mara moja. Moyo, pumu, upungufu wa damu na tezi ya shingo vichunguzwe kwanza. Baada ya hapo, omba rufaa ya afya ya akili. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara hiyo. Wataalamu ni wachache na foleni ni ndefu, kwa hiyo nenda na karatasi uliyoandika kila tukio: siku, mahali, ulichokuwa unafikiri, na dakika ngapi lilidumu.