Mali Bila Daftari: Somo la Kumchagua Wakili wa Nyumba



Muhula uliopita, katika somo la uraia, niliwauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu swali moja: "Mtu akitaka kununua nyumba, atazame nini kwanza?" Mikono mingi ilinyanyuka. Mmoja alisema atazame boriti kama hazijaliwa na mchwa. Wa pili alisema maji. Wa tatu alisema majirani, na darasa zima likacheka, ingawa alisema kweli. Hapakuwa na hata mmoja aliyetaja hati, wala aliyetaja wakili.

Sikuwalaumu, kwani hata ami yangu, mtu mzima mwenye mvi zake, hakuvifikiri. Kisa chake ndicho kilichonifanya niandike somo hili. Yeye mwenyewe ameniruhusu, akasema, "Andika, mwanangu, ili wengine wasilipe ada niliyolipa mimi."

KISA CHA AMI

Ami alifanya kazi bandarini miaka 31. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akataka nyumba Mji Mkongwe, karibu na msikiti aliozoea kusali. Dalali alimpatia nyumba ya ghorofa moja, akamwambia, "Mzee, wakili usimtafute. Yupo, tena ni rahisi." Ami akashukuru. Siku hiyo walikaa asubuhi, hati ikaandikwa, sheha akatia saini ya ushahidi, fedha zikahesabiwa, na kabla ya adhuhuri ami alitoka na funguo mkononi.

Mwezi wa saba baadaye alikuja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Akabisha hodi, akaamkia kwa adabu, kisha akasema, "Ami, nimekuja kuuliza khabari ya nyumba yetu." Alikuwa dada wa yule muuzaji.

Baba yao alikuwa amefariki, akaacha mke, watoto wawili wanaume na binti mmoja. Aliyeuza ni yule mtoto mkubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikaa ndani na funguo alikuwa nazo yeye. Ndugu yake wa pili alikuwa Muscat. Hakuulizwa. Mama hakuulizwa, wala dada.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kwa mirathi ya Kiislamu, baada ya madeni na wasia kutolewa, mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni, yaani 1/8. Kinachobaki ni 7/8, nacho hugawiwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Hapa mafungu ni 2, 2 na 1, jumla 5. Kwa hiyo tukiigawa nyumba hiyo katika sehemu 40, mama ana sehemu 5, kila mtoto wa kiume ana 14, na binti ana 7. Jumlisheni wenyewe mtaona ni 40 kamili.

Basi yule kijana alikuwa na sehemu 14 tu, naye aliuza 40. Sehemu 26 hazikuwa zake.

Shauri lilifika mahkamani. Fedha zilikuwa zimekwisha tumika, na kijana hakuwa na cha kurejesha. Baada ya miaka minne ami alipatana na wale watatu, akawalipa hisa zao. Ili apate fedha hizo aliuza gari yake ya abiria iliyokuwa ikimpatia riziki. Tunaweza kusema kuwa zaidi ya nusu ya nyumba ile aliinunua mara mbili.

Wanafunzi waliniuliza, "Je, yule wakili alikuwa mwizi?" Sikusema hivyo, na sisemi. Aliandika yale aliyoambiwa aandike. Aliletwa na dalali, alilipwa na muuzaji, na ami hakumpa kazi yoyote ya kuchungua. Kosa lilianza pale ami alipodhani kuwa kila wakili aliye chumbani ni wakili wake.

KWA NINI WAKILI AWE WA HAPA

Wako wanaosema, "Mwanangu ana rafiki yake wakili Dar es Salaam, atatufanyia." Rafiki huyo huenda ni hodari sana, lakini ardhi si jambo la Muungano. Bara wana Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999. Sisi tunayo Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992. Mawakili wa Zanzibar nao huandikishwa hapa hapa Zanzibar, na wana chama chao, mbali na kile cha Tanganyika.

Tena kuna historia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, nyumba nyingi zilitaifishwa, na mwaka 1965 ilitolewa amri ya kuifanya ardhi yote kuwa ya Serikali. Mashamba yakagawiwa wananchi ekari tatu tatu. Sheria ya 1992 imeendelea kusema kuwa ardhi ni ya umma, chini ya Rais, kwa manufaa ya watu wote. Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 aweza kupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo anayenunua nyumba hapa ananunua jengo pamoja na haki ya kutumia mahali lilipokaa. Asiyeijua historia hii aweza kuisoma hati ya zamani akadhani ameielewa, kumbe sivyo.

NYUMBA ZILIZOFANANA KWA NJE

Mpite katika vichochoro vya Kiponda, Mkunazini au Malindi. Milango ya nakshi inafanana, baraza zinafanana. Lakini milango hiyo haisemi ni ya nani.

Nyumba ya kwanza ni ya wakfu. Mwenyewe zamani aliiweka kwa ajili ya msikiti, masikini au kizazi chake. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Zanzibar imekuwa na tume ya kusimamia wakfu tangu mwaka 1905, na leo kazi hiyo ni ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Nyumba ya pili ni ya Serikali. Anayekaa ndani ni mpangaji, hata kama babu yake alikaa humo. Mpangaji huyo akikutaka kilemba ili akuachie vyumba, ukampa, hukununua nyumba. Umenunua kuondoka kwake tu.

Nyumba ya tatu ni milki ya mtu. Hii ndiyo inayoweza kuuzwa, lakini na hii ina maswali yake: mwenyewe yu hai? Kama amekufa, mirathi imefunguliwa? Warithi ni wangapi, na wote wamekubali?

Huko mashamba nako kuna mambo. Shamba la ekari tatu lina masharti yake, nalo si kama kiwanja chochote. Kwa desturi yetu pia, ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na minazi iliyomo ikawa ya mwengine. Mnunuzi asiyeuliza hujikuta amenunua kivuli cha mti usio wake.

MASWALI MATANO YA KUMWULIZA WAKILI

Mtafute wakili kabla ya kutoa arbuni, si baada yake. Ukishatoa arbuni umekwisha jifunga, na moyo wako unataka nyumba hata kama masikio yanasikia khabari mbaya. Ukimpata, keti naye umwulize maswali haya bila haya. Kuuliza si ujinga.

La kwanza: Je, umeandikishwa kuwa wakili Zanzibar, na cheti chako cha mwaka huu kiko wapi? Wakili wa kweli hakasiriki kuulizwa hivi. Wako watu wanaojua kupiga chapa hati na kuvaa tai, nao si mawakili.

La pili: Unamfanyia kazi nani? Mnunuzi na muuzaji wanataka mambo mawili mbalimbali. Mmoja ataka fedha upesi, wa pili ataka uhakika. Mtu mmoja hawezi kuvuta kamba ncha zote mbili. Kila upande na uwe na wakili wake.

La tatu: Utakwenda wapi kuchungua? Hapa ndipo utakapomjua. Akisema, "Hakuna haja, muuzaji namjua," aga uondoke. Akisema atakwenda Kamisheni ya Ardhi kutazama daftari la mrajis, Kamisheni ya Wakfu kuhakikisha nyumba si wakfu, na mahkama ya Kadhi kutazama mirathi, huyo ndiye. Kwa Mji Mkongwe ataongeza Mamlaka ya Hifadhi, kwani mji huu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na huwezi kujenga wala kubadilisha nyumba bila ya kibali. Muuzaji akiwa ameongeza chumba juu bila ruhusa, shida hiyo utairithi wewe. Tena wakili mwema atakwenda kwenye nyumba yenyewe, azungumze na waliomo na majirani. Muhuri wa sheha ni ushahidi wa watu na mahali, lakini hauthibitishi umiliki peke yake.

La nne: Fedha zitakaa wapi, na zitatoka lini? Mauzo ya ardhi hapa yana taratibu zake za idhini, kwani Sheria ya Uhaulishaji ya mwaka 1994 iliweka bodi ya kuyaangalia. Kisha kuna ushuru wa stempu na usajili. Fedha zote zisitoke siku ya kwanza.

La tano: Ujira wako ni kiasi gani, na ndani yake mna nini? Mwandikiane. Ushuru wa Serikali ni mbali na ujira wa wakili, na kila kimoja kina stakabadhi yake.

Jambo moja zaidi. Watu wetu wengi wako Oman, Dubai na Uingereza, na nyumba zao huuzwa na jamaa kwa hati ya uwakala. Wakili na aulize: hati hii ni ya kweli? Yasema kuuza, au kusimamia tu? Na aliyeitoa yu hai bado? Kwani mtu akifa, uwakala aliotoa hufa pamoja naye, na nyumba inakuwa ya warithi.

KWA ANAYEUZA

Msidhani muuzaji hana haja ya wakili. Muuzaji anayewakusanya ndugu zake kwanza, akafungua mirathi na kupanga karatasi zake, huuza kwa bei nzuri na hulala usingizi. Yule kijana aliyemwuzia ami leo haongei na mama yake. Sijui ni bei gani ya nyumba inayofaa kwa hasara hiyo.

Na asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992, huwasaidia wanyonge kwa ushauri. Swali moja lililoulizwa mapema huokoa miaka minne ya mahkama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila khabari. Ami bado anakaa katika nyumba ile. Hati zake zote sasa zimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na nakala ziko kwa wakili aliyemchagua mwenyewe. Kijana wa mtaani akimwambia kuwa ataka kununua nyumba, ami humwuliza neno moja tu: "Wakili wako umempata wapi?"

MAZOEZI

1. Mtu amefariki akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Wazazi wake walikwisha tangulia. Igawe nyumba yake katika sehemu 32. Kila mmoja ana sehemu ngapi?

2. Eleza tofauti ya kilemba na bei ya nyumba.

3. Waulize wazee wako nyumbani: hati ya nyumba mnayokaa iko wapi, na ina jina la nani? Jibu lake usilete darasani. Lizungumzeni nyumbani.