Jeraha Lisiloonekana Kwenye Eksirei

Mwezi huu tujifunze juu ya mtu ambaye wengi wetu tunamsikia akitajwa tu: mshauri wa watu wenye kiwewe. Ni mtu wa namna gani, na anapokaa na mgonjwa saa nzima bila sindano wala kidonge, anafanya nini hasa?

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Mtu aliyenusurika vita, ajali ya basi au kubakwa, akikosa usingizi na kushtukashtuka wiki za mwanzo, hilo ni la kawaida, na wengi hutulia wenyewe wakiwa kati ya ndugu zao. Lakini wapo ambao mwezi unapita na hali ni ileile. Wanaota tukio lilelile usiku. Mlango ukibamizwa wanaruka. Wanakwepa njia au sauti inayowakumbusha. Wakija hospitalini hawasemi wana kiwewe. Wanasema kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, tumbo linawaka moto. Wanapimwa malaria, wanapimwa presha, wanaomba dripu. Utamkuta mama amezunguka zahanati tatu na bahasha ya vipimo mkononi, na vyote vinaonyesha hana ugonjwa.

Kumbukumbu ya kawaida inajua wakati wake. Ukiikumbuka harusi yako, unajua ilikuwa mwaka gani na nani alikuwepo. Tukio la kutisha mno halikai hivyo. Hubaki vipandevipande: harufu ya moshi, mlio, jasho, woga. Vipande hivyo vikiguswa, mwili unaona kama jambo linatokea sasa hivi, hata kama miaka kumi imepita. Ndiyo sababu neno letu tulipendalo, "sahau tu, mshukuru Mungu u mzima," halimsaidii. Angeweza kusahau angekuwa ameshasahau.

Sasa tuje kwa mshauri. Huko Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, iko kambi kubwa ya wakimbizi. Wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakiongozwa na Frank Neuner, waliona kwamba madaktari wa akili wasingetosha kamwe kwa watu wengi namna ile. Wakachagua watu kutoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe: wanaojua kusoma na kuandika, wanaojua lugha ya wenzao, na wenye moyo wa kusikiliza. Wakawafundisha kwa majuma sita. Hawakuwa madaktari wala wauguzi. (Sisi wenye diploma tuvumilie kidogo kulisikia hilo.)

Njia mojawapo waliyofundishwa ni ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio. Mshauri huanza kwa kumweleza mgonjwa ugonjwa wake na kazi watakayofanya, na kumpa ahadi ya siri. Kisha hutandaza kamba sakafuni. Kamba ni maisha yake tangu kuzaliwa. Pale palipokuwa na furaha, mgonjwa huweka ua. Palipokuwa na msiba au ukatili, huweka jiwe. Mara nyingi mtu hushangaa kuona kwamba ana maua pia.

Siku zinazofuata husimulia tangu utotoni, kidogo kidogo. Wakifika kwenye jiwe, mshauri hapiti haraka. Huuliza taratibu: "Mama, hapo ulikuwa umesimama wapi? Ulisikia nini? Mikono yako ilikuwaje?" Tena huuliza: "Na sasa unaponieleza, mwili wako unasikia nini?" Kwa swali hilo mgonjwa hutambua kwamba yule aliyekuwa hatarini ni yeye wa wakati ule, na huyu aliyeketi hapa yuko salama. Wala mshauri hakatizi kikao katikati ya hofu. Huendelea naye mpaka tukio limekwisha kusimuliwa na woga umeshuka. Kumwacha mtu njiani ni kama kufungua jipu na kuliacha bila kulisafisha.

Mshauri huandika. Kikao kinachofuata humsomea, naye husahihisha na kuongeza. Mwishoni mgonjwa hukabidhiwa maisha yake yakiwa yameandikwa.

Matokeo ya Nakivale yalitangazwa mwaka 2008. Walioshiriki walikuwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali. Miezi kadhaa baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia kwa njia hii hawakuwa tena na ugonjwa. Kundi lingine lilipewa ushauri usiofuata utaratibu huo, na humo walikuwa asilimia 65. Kati ya waliofuatiliwa tu bila tiba, walikuwa asilimia 37. Tazameni vizuri: tofauti ya njia hizo mbili ni ndogo. Pengo kubwa liko kati ya aliyepata mtu aliyefunzwa na asiyempata.

Nasema aliyefunzwa, kwa maana si kila mwenye huruma ni mshauri. Kumlazimisha mtu aeleze yote siku ya tukio kunaweza kumzidishia. Siku hizo anahitaji usalama, chakula, habari za watu wake, na mtu wa kukaa karibu. Dawa za usingizi aina ya diazepamu zisigawiwe ovyo pia. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitumike kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Aliyebakwa asingojee ushauri: afike hospitali ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Na anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja, aletwe.

Ukimpeleka ndugu yako kwa mshauri, una haki ya kuuliza alifunzwa wapi, vikao vitakuwa vingapi, daftari linatunzwa wapi, na yeye mwenyewe anasimamiwa na nani. Swali hilo la mwisho lisikupite. Anayesikiliza mawe ya watu kutwa naye hukosa usingizi, na anahitaji mwenzake mzoefu wa kuzungumza naye kila juma.