Mfiwa na Njia Ndefu

Somo kwa wakatekumeni. Kabla ya kusoma, someni kwanza Kitabu cha Ruti, sura ya 1 hata ya 4. Ni kifupi, chamalizika kwa jioni moja.



Mwishoni mwa kiangazi, baada ya mafundisho ya jioni, alinijia baba mmoja kutoka vijiji vya kando ya mto Lufira. Mkewe, mkatekumeni kama yeye, alikuwa amekufa katika kujifungua, na mtoto naye hakuishi hata siku mbili. Akaniambia: "Mwalimu, nyumba ile yanishinda. Nikiona chungu chake, nikiona jembe lake, nguvu zaniisha. Nataka kuondoka, nitembee nchi mpaka nisahau. Je, Mungu ataona vibaya?"

Sikumjibu siku ile, maana jibu la haraka kwa mfiwa mara nyingi ni jibu baya. Nalimwambia arudi siku ya Jumapili, tusome pamoja. Haya ndiyo tuliyoyasoma, nami nayaandika kwa ajili yenu nyote, kwa kuwa sijaona bado kijiji kisicho na kaburi jipya.

Kwanza mjue kwamba kulia si dhambi, wala si upungufu wa imani. Abrahamu alimlilia Sara mkewe, kisha akanunua pango kule Hebroni apate kumzika kwa heshima. Naye Bwana wetu Yezu Kristu, aliyejua vema kwamba atamfufua Lazaro baada ya kitambo kidogo, alilia mbele ya watu wote. Basi asitokee mtu kumwambia mfiwa, "Nyamaza, Mkristu halii." Maneno hayo hayakutoka katika Injili.

Sasa tumtazame Noemi. Njaa iliwatoa Betlehemu, yeye na mumewe Elimeleki na wana wao wawili, wakaenda kukaa ugenini katika nchi ya Moabu. Huko mumewe akafa. Wana wakaoa wake wa nchi ile, Orpa na Ruti. Na baada ya miaka kama kumi wana nao wakafa wote wawili. Makaburi matatu katika nchi isiyo yake! Aliposikia kwamba Mungu amewarudishia watu wake chakula, akaondoka kurudi kwao. Njia ile hushuka mpaka bonde la Yordani, karibu na Bahari ya Chumvi, kisha hupanda milima ya Yuda. Kwa mwanamke mzee aendaye kwa miguu si njia ya mchezo. Akawasihi wakwe zake warudi kwa mama zao. Orpa akalia, akambusu, akarudi. Nasi tusimlaumu, maana alimtii mama mkwe wake. Ruti akakataa kumwacha.

Walipofika Betlehemu, wanawake wa mji wakashangaa wakamtambua kwa shida. Naye akawaambia wasimwite tena Noemi, jina lenye maana ya utamu, bali wamwite Mara, yaani uchungu. Kwa kuwa aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu.

Hapa nataka mkae kidogo. Safari imekwisha, na majonzi hayajaisha. Miguu imefika Betlehemu, moyo ungali Moabu penye makaburi. Tena angalieni: anasema amerudi mtupu, na Ruti amesimama pale pale kando yake, na vumbi la njia ile ile miguuni! Ndivyo alivyo mfiwa. Hamwoni aliye karibu naye. Ruti hakukasirika, wala hakumjibu neno. Nadhani ukimya ule ulikuwa na thamani kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia matangani, na mengine nimeyatoa mimi mwenyewe.

Basi, njia haikumponya Noemi. Lakini ilimfikisha mahali pa kuponea. Walifika mwanzo wa mavuno ya shayiri. Torati ya Musa ilikuwa imewaamuru wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wala wasirudi kuokota yaliyoanguka, bali wawaachie maskini, mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo Ruti, aliye mgeni na mjane pamoja, akaenda kuokota masuke katika shamba la Boazi. Jioni alirudi na efa moja ya shayiri, ambayo kwa kipimo chetu yapita debe moja. Noemi alipoliona debe lile, akauliza: Umeokota wapi leo? Nanyi mnajua, mtu aliyekufa moyo haulizi habari za shamba. Tangu hapo aanza kushauri, kupanga, kumtafutia Ruti mume. Mwishoni twamwona amempakata mtoto Obedi, babu yake Daudi, na wanawake wale wale wa mji wamemzunguka kwa furaha. Kitabu hakisemi popote kwamba aliwasahau wafu wake.

Yule baba akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Noemi alikuwa na Ruti. Mimi nataka kujua wangu wako wapi. Hawakubatizwa."

Ndipo nikatambua kitu kilichokuwa kikimfukuza nyumbani. Hakikuwa chungu wala jembe. Watu walikuwa wamemwambia kwamba mkewe na mtoto wake wamepotea milele, naye alibeba neno hilo usiku na mchana.

Basi sikieni mafundisho ya Kanisa. Mkatekumeni akifa kabla ya Ubatizo, huku akiutamani wazi, akitubu dhambi zake na kupenda, hamu yake hiyo yampa hakika ya wokovu ambao hakuweza kuupokea katika Sakramenti. Ndivyo isemavyo Katekisimu katika namba ya 1259. Kwa hiyo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, yaamuru katika habari ya mazishi wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Na mtoto ambaye wazazi walinuia kumbatiza, askofu aweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa. Nasi twamweka katika huruma ya Mungu, tukimkumbuka Yezu aliyewaita watoto wadogo waje kwake. Mama yule alikuwa amehudhuria mafundisho miezi mingi, na mvua haikumzuia. Sikuona haya kumwambia mumewe atumaini.

Lakini yako maneno mengine sina budi kuyasema. Katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata asiye Mkristu, akimwagia maji kichwani na kutamka maneno ya Ubatizo, huku akinuia kufanya lile lifanywalo na Kanisa. Baba yule hakulijua jambo hilo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeliweka katika masomo ya mwisho. Kosa hilo ni langu. Tangu mwaka ule nalifundisha juma la kwanza. Tena mama mwenye mimba asingojee uchungu kijijini. Apelekwe mapema penye wakunga na dawa, maana wengi hufa kwa kutokwa damu, na damu ile yaweza kuzuiwa.

Iko safari nyingine ambayo ndugu zake walimshauri: kwenda mbali kwa mpiga ramli, ili ajue ni nani "aliyemla" mkewe. Safari hiyo nalimkataza waziwazi. Mtu aitokaye hurudi na jina la jirani mdomoni, na kilio cha nyumba moja huwa kilio cha nyumba mbili.

Alipoendelea kuniomba ruhusa ya kuondoka, nilimsimulia habari za Adrien Atiman. Huyu alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Angali mtoto, wezi wa watu walimteka, wakamvusha jangwa la Sahara, wakamwuza. Huko Aljeria Mapadri Weupe wakamkomboa kwa fedha. Alibatizwa, akapelekwa kisiwa cha Malta kujifunza utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Mpala yetu. Mtoto aliyenyang'anywa mama yake akakaa hapo kuwatibu watoto wa mama wengine, muda wa miaka 67, hata kufa kwake mwaka 1956. Akaoa mwenyeji wa nchi ile, na mwanawe Yosefu akawa padri. Njia yake hakuichagua, na ilikuwa ya ukatili. Lakini mahali ilipomtupa alipata watu wa kuwahudumia.

Yule baba aliondoka, nami sikumzuia. Alikwenda Kolwezi kwa dada yake mkubwa, si kutangatanga. Nilimwomba padri amwandikie barua, ili parokia ya huko impokee katika mafundisho, wala asianze upya. Nanyi nyote mfanye vivyo hivyo mkihama. Barua hiyo haina malipo. Alikaa huko miezi kumi na minane, akiwalea watoto wa dada yake. Kisha akarudi kwa kupanda mahindi. Juzi nilipita shambani kwake, nikamkuta akilima kwa jembe la marehemu. Mpini ameubadili, chuma ni kile kile.

Maulizo

Kwa nini Noemi alitaka aitwe Mara? Ni nani aliyekuwa kando yake alipoyasema hayo?

Torati iliwaachia maskini nini katika shamba? Katika kijiji chenu, baada ya mavuno, mjane huachiwa nini?

Ni nani awezaye kubatiza katika hatari ya kufa? Semeni kwa kichwa maneno ya kutamka, na kila mmoja amfundishe mtu mmoja nyumbani.

Someni Luka 24, habari za wanafunzi wawili katika njia ya Emau. Walikuwa na huzuni gani, na Yezu aliwauliza neno gani kwanza?

Kabla ya tarehe 2 Novemba, kila mmoja alete majina ya marehemu wake, waliobatizwa na wasiobatizwa, tuyaweke pamoja altareni.