Kompyuta Kuukuu Inapokataa Kubuti: Kufuata Mfereji Kutoka Chanzo

Katika shule na vyuo vya Moshi, na katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro kutoka Machame na Kibosho hadi Marangu, kompyuta iliyokwisha kutumika mahali pengine si mgeni. Hufika baada ya kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi, huwekwa katika chumba cha masomo, na hutarajiwa kuwahudumia wanafunzi kwa miaka mingine mingi.

Matarajio hayo yamepata mtihani mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo wa uendeshaji wa Windows 10. Mfumo uliourithi, yaani Windows 11 wa mwaka 2021, hudai kipande cha ulinzi kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha maalumu. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi nzima zilizoundwa kabla ya hapo zimeachwa nje. Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana njia tatu: kuendelea na mfumo usiopata tena marekebisho ya usalama, kuweka mfumo mwingine katika mtambo ambao watengenezaji hawaudhamini, au kuutupa mtambo.

Makala haya yanahusu njia ya pili, na hasa saa ile ngumu ambapo mfumo mpya umekwisha kuwekwa, kompyuta imewashwa, na kioo kimebaki cheusi. Kusudi lake ni kuonyesha kwamba hali hiyo si ugonjwa mmoja, na kwamba anayejua mpangilio wa hatua za kuwaka anaweza kupata mahali pa ubovu kwa kutazama tu, kabla ya kushika bisibisi.

Maana ya kubuti

Kompyuta inapowashwa, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi huwa tupu. Mfumo wa uendeshaji umelala katika diski, lakini ili diski isomwe yahitajika programu, na programu haiwezi kufanya kazi mpaka isomwe na kuwekwa katika kumbukumbu. Fundo hili hufunguliwa kwa kupokezana. Programu ndogo huiamsha iliyo kubwa kidogo, nayo huiamsha iliyo kubwa zaidi. Kupokezana huko ndiko mafundi wanakokuita kubuti, na kuna hatua tano.

Hatua ya kwanza ni umeme kufika katika bodi kuu na prosesa kuanza kazi. Ya pili ni programu-msingi, iliyofungiwa katika kipande cha bodi, kupima kumbukumbu, kioo na diski. Ya tatu ni programu-msingi kutafuta kipakizi, yaani programu fupi ambayo kazi yake ni kupakia mfumo. Ya nne ni kipakizi kukiweka kiini cha mfumo katika kumbukumbu na kukikabidhi madaraka. Ya tano ni kiini kuitambua mitambo iliyopo kwa msaada wa draiva, kuifungua diski, na hatimaye kumfikisha mtumiaji mahali pa kuandika jina lake.

Wenyeji wa Kilimanjaro wanalo fundisho la zamani katika jambo hili. Tangu kabla ya karne ya 19 wamepitisha maji ya mito kwa mifereji ya kuchimba iitwayo mifongo, kutoka juu msituni hadi vihambani. Maji yasipofika katika kihamba, mzee anayeijua kazi haanzi kwa kuilaumu migomba. Huufuata mfongo na kuuliza: mahali pa mwisho penye maji ni wapi, na mahali pa kwanza pakavu ni wapi? Ubovu umo baina ya sehemu hizo mbili. Kanuni ya kompyuta ni hiyo hiyo. Itafutwe hatua ya mwisho iliyotoa ishara; ubovu umo baina yake na ile inayofuata.

Ishara za kila hatua

Ikiwa hakuna taa wala feni inayozunguka, hatua ya kwanza haijakamilika, na kuweka mfumo upya ni kazi bure. Ikiwa feni inazunguka lakini hakuna picha, na milio mifupi inasikika, programu-msingi imeamka na inalalamika. Idadi ya milio hutafsiriwa kwa kitabu cha mtengenezaji, na mara nyingi hujulisha ubovu wa kumbukumbu au wa kadi ya picha. Kuzichomoa pau za kumbukumbu, kuzifuta na kuzirudisha kumefufua mitambo mingi iliyokaa vumbini.

Ikiwa nembo ya mtengenezaji inaonekana, kisha kioo kinaandika kwamba hakuna kifaa cha kubutia, hatua mbili za mwanzo ni salama. Ubovu umo katika diski, katika kipakizi, au katika mapatano kati ya kipakizi na programu-msingi. Mwinuko wa mlima usisingiziwe hapa: watengenezaji wa diski za kuzunguka kwa kawaida huziruhusu kufanya kazi hadi mita 3,000 hivi, na mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000.

Ikiwa orodha ya kipakizi inatokea lakini baada yake kinakuja kioo cheusi, kiini huenda kimeamka na kushindwa kuitawala kadi ya picha. Katika Linux, neno nomodeset likiongezwa kwenye mstari wa kipakizi hukiamuru kiini kiiache kadi hiyo katika hali yake ya kawaida. Picha ikirudi, mshtakiwa amejulikana. Na ikiwa kiini kinasema kwamba hakikuipata diski, kwa maandishi ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE katika Windows au kwa kusimama kwenye mstari wa initramfs katika Linux, basi kiini kimefika lakini hakina draiva ya kuifungulia diski, au namna ya kuisoma diski imebadilishwa katika programu-msingi.

Mapatano kati ya kipakizi na programu-msingi

Sehemu kubwa ya matatizo ya mitambo isiyodhaminiwa imo katika hatua ya tatu, kwa kuwa kuna mila mbili zisizoelewana. Mila kongwe ni ile ya bayosi, iliyotokana na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Bayosi husoma sekta ya kwanza tu ya diski, yenye baiti 512. Katika diski iliyogawanywa kwa mtindo huo, baiti 446 ni za kipakizi, 64 ni za jedwali la sehemu nne za diski, na 2 za mwisho ni alama ya 55 na AA katika hesabu ya kumi na sita. Bayosi nyingi zisipoikuta alama hiyo, huihesabu diski kuwa si ya kubutia, hata kama imejaa mafaili mazima.

Mila mpya ni ile ya UEFI, iliyoenea katika miaka ya 2010. Hii haijali sekta ya kwanza; hutafuta faili katika sehemu maalumu ya diski iliyopangwa kwa mtindo wa FAT. Katika flashi ya kuwekea mfumo, faili hilo huitwa BOOTX64.EFI, nalo hukaa katika folda ya BOOT iliyo ndani ya folda ya EFI. Mfumo uliowekwa kwa mila ya bayosi hautaonekana na programu-msingi iliyopangwa kufuata UEFI peke yake, wala kinyume chake. Diski ni nzima, mfumo ni mzima; kilichovunjika ni mapatano.

Mfano mzuri ni kompyuta ndogo za bei nafuu za miaka ya 2013 hadi 2015 hivi, zenye prosesa ya Intel Atom ya jamii ya Bay Trail. Prosesa hizo ni za biti 64, lakini nyingi kati ya kompyuta hizo zilitolewa zikiwa na UEFI ya biti 32. UEFI ya namna hiyo hutafuta faili liitwalo BOOTIA32.EFI. Flashi yenye BOOTX64.EFI peke yake haitaorodheshwa kabisa, na fundi ataidhania kuwa mbovu, ilhali katika kompyuta nyingine inabuti vizuri. Dawa ni kutumia toleo la Linux lenye mafaili yote mawili.

Katazo, upungufu na ukimya

Neno "haidhaminiwi" hufunika hali tatu tofauti, na kuzitenganisha ni nusu ya kazi.

Hali ya kwanza ni katazo. Programu ya kuweka Windows 11 hukataa kuendelea inapoikosa TPM 2.0, ingawa prosesa yenyewe ina uwezo wa kuuendesha mfumo. Watu wamelipita katazo hilo, na mfumo ukabuti. Hata hivyo, Microsoft hutahadharisha kwamba kompyuta iliyowekewa mfumo kwa namna hiyo haina haki ya kupata marekebisho, jambo lisilofaa kwa mtambo unaotunza matokeo ya mitihani.

Hali ya pili ni upungufu. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, hutumia amri ya prosesa iitwayo POPCNT. Intel iliiingiza amri hiyo katika prosesa za Nehalem za mwaka 2008. Prosesa za Core 2 Duo zilizotangulia hazina. Kompyuta ya Core 2 iliyolipita katazo na kufanya kazi kwa matoleo ya awali haiwezi kubuti kwa toleo hilo. Hapa hakuna hila. Amri isiyokuwamo katika prosesa haiwezi kuombwa kwa maneno matamu. Upungufu wa namna hiyo unamhusu pia mtumiaji wa Linux: Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena programu ya kujiweka katika prosesa za biti 32.

Hali ya tatu ni ukimya. Baadhi ya prosesa za Pentium M, zilizoanza kuuzwa mwaka 2003, zina uwezo wa kuzifikia kumbukumbu kwa utaratibu uitwao PAE lakini haziutangazi. Kiini huuliza, hakijibiwi, nacho hukataa kuendelea. Katika matoleo kadhaa ya Linux neno forcepae hukiamuru kiini kiendelee, na kompyuta hubuti.

Katazo huhitaji uamuzi, upungufu huhitaji mfumo mwingine, na ukimya huhitaji neno moja. Anayezichanganya hali hizi hupoteza siku nzima kupigana na ukuta, au hutupa mtambo uliohitaji neno moja tu.

Betri ya saa

Kwenye bodi kuu kuna betri ndogo ya duara ya volti 3, mara nyingi ya namba CR2032, inayoilinda saa na, katika kompyuta nyingi kuukuu, mipangilio ya programu-msingi wakati hakuna umeme. Katika mtambo wenye umri wa miaka kumi betri hii huenda imekufa bila mtu kujua, maadamu umeme wa ukutani haukatiki. Umeme ukikatika usiku, asubuhi saa huonyesha mwaka wa zamani, na mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani: mila ya bayosi hugeuka UEFI, au namna ya kusoma diski hubadilika kutoka AHCI kuwa RAID. Mfumo uliobuti jana haubuti leo, na hakuna aliyeugusa. Kwa hiyo tarehe ya kompyuta itazamwe kabla ya kushuku lolote zito zaidi.

Utaratibu wa kazi

Kwanza, prosesa itambuliwe kwa jina na namba yake kabla ya kupakua mfumo wowote, ili ijulikane kama ni ya biti 64. Pili, faili lililopakuliwa lihakikiwe kwa alama ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64, inayotolewa na wenye mfumo. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani. Tatu, faili hilo liandikwe katika flashi kwa programu ya kuandikia taswira ya diski. Kulinakili kama barua hakutoshi. Nne, mfumo ujaribiwe kutoka katika flashi kabla ya kuigusa diski, jambo ambalo matoleo mengi ya Linux huliruhusu. Tano, libadilishwe jambo moja tu kila mara, na kila badiliko liandikwe katika daftari pamoja na matokeo yake. Abadilishaye mambo matatu kwa pamoja hata akifanikiwa hajui kilichomponya mgonjwa.

Hitimisho

Si kila kompyuta itaokoka, na ile yenye bodi iliyoungua haina budi kuondolewa. Lakini ikumbukwe inakokwenda. Bodi za zamani ziliunganishwa kwa risasi, na kilichozikwa kando ya kihamba huweza kuoshwa na mvua. Maji ya miteremko ya kusini hushuka hadi Mto Kikuletwa na kuingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu huvua samaki. Kuutupa mtambo mzima kwa sababu ya betri iliyokufa au faili lililokosekana ni hasara ya darasa, na pia ya wale wanaoishi chini ya mlima.

Maswali ya mazoezi

1. Kompyuta ilibuti jana. Baada ya umeme kukatika usiku inaonyesha mwaka 2009 na kusema kwamba hakuna kifaa cha kubutia. Itazamwe nini kwanza, na kwa nini isiwe diski?

2. Flashi inabuti katika kompyuta ya mezani, lakini haimo katika orodha ya kompyuta ndogo yenye prosesa ya Atom. Ni faili gani litafutwe ndani ya flashi hiyo?

3. Eleza kwa nini kulipita katazo la programu ya kuweka mfumo hakusaidii chochote pale ambapo prosesa haina amri inayotumiwa na kiini.