Daktari wa Augsburg aliyeifuata mimea ya Ibn Sina hadi Halab

Katika darsa zetu hatuchoki kusema kwamba Ulaya ilisoma udaktari kwenye vitabu vya Ibn Sina na Ar-Razi. Ni kweli. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuifungua hiyo Al-Qanun? Leo tumtazame Mkristo aliyeisoma mpaka akafunga safari kwa ajili yake.

Leonhard Rauwolf alizaliwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1535. Alisoma Montpellier, akapata shahada ya udaktari Valence mwaka 1562. Shida yake ilikuwa ya matabibu wengi wa zama zile. Dawa nyingi zilikuwa mimea, na mingi iliyotajwa na Dioscorides na Ibn Sina haikuota kwao. Anayejua jina la mmea bila kuijua sura yake huweza kumpa mgonjwa kitu kingine kabisa.

Mwaka 1573 akapanda meli Marseille hadi Tripoli ya Sham, akaenda Halab na kisha Baghdad. Gharama zilitoka kwa shemeji yake, Melchior Manlich, mfanyabiashara aliyetaka dawa za kuuza. Kampuni ya shemeji ilifilisika naye yuko safarini, hakukatisha utafiti.

Halab aliwakuta watu asubuhi wamekaa pamoja, wakipokezana vikombe vya kinywaji cheusi cha moto. Akaandika jina lake kama sikio lake la Kijerumani lilivyolipokea: chaube. Ni kahawa yetu hii! Hakuishia kushangaa. Alilinganisha tunda lake na bunchum, linalotajwa katika tafsiri za Kilatini za Ibn Sina na Ar-Razi. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1582, ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya Ulaya yaliyoieleza kahawa.

Alirudi mwaka 1576 na mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ambayo hadi leo imehifadhiwa Leiden, Uholanzi. Mwaka 1588 akapoteza kazi ya tabibu wa mji kwa sababu ya Uprotestanti wake, akahamia Linz. Tusimpambe kupita kiasi: alifariki Hungaria mwaka 1596 akiwa tabibu wa jeshi lililopigana na Waothmani, watawala wa nchi zile zile alizochumia mimea.

Wenzetu wa famasia wanalijua jina lake bila kujua kwamba wanalijua. Jenasi ya Rauvolfia imeitwa kwa heshima yake, na katika mmea mmoja wa jenasi hiyo, unaoota India, ndimo ilimopatikana reserpini, dawa ya shinikizo la damu.