Namba za Mtafiti wa Saratani na Namna ya Kuzisoma

Saratani ikiingia nyumbani, ndugu huanza kutafuta. Mmoja anatuma jina la daktari wa ng'ambo, mwingine tangazo la dawa inayodaiwa kugunduliwa na mtafiti mwenye makala mia mbili, aliyenukuliwa maelfu ya mara. Namba kama hizi yeyote mwenye bando anaweza kuzikagua. Lakini ajue kwanza zinahesabu nini.

Mwanasayansi akichapisha makala, mwishoni huorodhesha kazi za wenzake alizozitumia. Kila kazi iliyomo imenukuliwa mara moja. Huenda ameitaja kwa kuikubali, kwa kuipinga, au ni kazi yake mwenyewe, hesabu haibagui. Utakutana pia na kipimo kinachoitwa h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye h ya 30 ana makala 30 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 30. Kipimo hicho hupanda kadiri miaka inavyopita, hivyo kumlinganisha mtafiti kijana na mkongwe ni kumwonea.

Aina ya makala nayo ina uzito wake. Mwaka 2000, Douglas Hanahan na Robert Weinberg walichapisha katika jarida la Cell maelezo ya sifa zinazoitofautisha seli ya saratani na seli ya kawaida. Makala hiyo imenukuliwa makumi ya maelfu ya mara, na inastahili. Lakini ni mapitio ya kazi zilizokwishafanyika. Hakuna mgonjwa aliyejaribiwa dawa ndani yake.

Upande wa pili yuko Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika katika jarida la wapasuaji la Uingereza kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwanzoni wachache waliijali makala hiyo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya takribani maili 10,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine hadi kusini mwa Afrika kuuliza ugonjwa huo unaonekana wapi. Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikia akihutubia London, akaomba sampuli za uvimbe, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi walichokikuta katika seli za uvimbe huo, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Siku hizi watafiti wengi huiita saratani hiyo "limfoma ya Burkitt" bila kuirejelea ile makala ya 1958. Kazi imeshakuwa maarifa ya wote, na mashine ya kuhesabu haiioni. Ndiyo maana simdharau mtafiti wa hospitali zetu kwa sababu tu namba zake ni ndogo.

Namba kubwa nazo zimewahi kuumiza wagonjwa. Mwaka 2006, kundi la Anil Potti katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilidai kuwa vinasaba vya uvimbe vinaweza kuonyesha ni dawa ipi itamfaa mgonjwa. Makala hiyo ilinukuliwa sana, na wagonjwa wakaanza kuandikishwa kwenye majaribio. Wanatakwimu Keith Baggerly na Kevin Coombes wa Houston waliipitia data mstari kwa mstari. Wakakuta orodha za jeni zimesogea mstari mmoja, na mahali pengine seli sugu kwa dawa zimeandikwa kuwa ndizo zinazoikubali. Majaribio yalisimamishwa mwaka 2010, na makala ikafutwa mwaka 2011.

Kwa hiyo anzia PubMed, hazina ya bure ya makala za tiba inayoendeshwa na serikali ya Marekani. Makala iliyofutwa huwekewa alama huko. Itafute alama hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Kisha angalia kama utafiti ulifanywa kwa seli za maabara, kwa panya au kwa binadamu, na kama ni binadamu, walikuwa wangapi. Soma tamko la maslahi uone nani alilipia. Majina yakifanana, tafuta namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo watafiti wengi hujiandikishia ili wasichanganywe na wengine. Google Scholar inafaa kwa kuona nani amenukuu nini, ila kurasa za watafiti huko husimamiwa na wenyewe, na wakati mwingine kazi za mtu mwingine hujipenyeza.

Ukipata makala inayokupa matumaini, ipeleke kwa daktari anayemtibu mgonjwa wako, hata kama ni muhtasari tu kwenye simu. Muulize: wagonjwa wa utafiti huu walikuwa na saratani ya aina hii na ya hatua hii? Waliishi muda mrefu zaidi, au uvimbe ulipungua tu? Na dawa hiyo inapatikana hapa? Usiache dozi wala kliniki ukisubiri jibu.