Chakula cha Watu Mia Moja

Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima. Tunaiita Nane Nane. Tuseme mwaka huu watu wa kitongoji chenu, hapa milimani Usambara, mmekubaliana kula pamoja siku hiyo. Kaya ni 20. Kila kaya ina watu 5. Kwa hiyo walaji ni 100. Kila kaya italeta kitu. Sasa mmekaa chini kupanga. Swali la kwanza ni hili: chakula kikuu kitakuwa nini?

Wengi watasema pilau. Hawakosei. Pilau ni chakula cha sikukuu, na watoto wanaipenda. Lakini kwanza nikueleze niliyoyaona katika kijiji kimoja nilichokaa zamani.

Sisi tulichagua pilau. Kila kaya iliambiwa ilete mchele kilo moja na fedha za nyama. Mchele haulimwi huku juu kwenye baridi. Unapanda na gari kutoka tambarare, pande za Mombo na Korogwe, na lazima uununue. Siku ilipofika, kaya tatu hazikuja. Hazikuwa na ugomvi na mtu. Hazikuwa na fedha, basi. Waliona aibu kuja mikono mitupu, wakafunga milango yao. Watoto wao walikaa ndani wakinusa pilau ya jirani.

Hata hao waliokuja hawakula vizuri. Kila kaya ilileta mchele wake. Huu mpya, ule wa zamani, huu mzima, ule chenga. Tuliumwaga wote katika sufuria moja. Mchele mpya ukawa uji, na wa zamani ukabaki na kiini. Mpishi alilaumiwa bure. Kosa lilikuwa letu tuliochagua.

Basi unapochagua chakula cha kuchangia, usiulize tu, "Kitamu ni kipi?" Uliza pia, "Je, kila kaya inacho nyumbani?"

Tufikirie ugali. Unga kila nyumba ina. Lakini kusonga ugali wa watu 100 ni kazi ya wanaume wenye nguvu, na mwezi wa Agosti huku kwetu ni baridi kali. Ugali ukipoa unakuwa mgumu, na wa mwisho kupakuliwa atalalamika. Ndizi na nyama nazo ni tamu. Tatizo lake ni kwamba ndizi zikikaa sana motoni zinarojeka. Zinafaa watu 20, si 100.

Kuna makande.

Najua utakavyosema. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, makande tunakula kila siku. Sikukuu gani hiyo?" Nikamjibu, "Shikamoo bibi, lakini makande ya kila siku hayana nyama wala nazi." Akacheka. Baadaye yeye ndiye aliyesimamia sufuria.

Mahindi na maharage yanatoka shambani kwetu. Mwislamu anakula, Mkristo anakula, hakuna wa kuuliza kimepikwa na nini. Makande yakiwa katika sufuria kubwa yenye mfuniko hukaa na moto muda mrefu, hata kama wageni wamechelewa. Na nyama kidogo inatosha watu wengi. Nyama ya mchuzi, kila mtu anahesabu vipande vyake. Nyama ya makande hukatwa vidogo vidogo, na kilo 10 zinawafikia watu wote 100. Iwe ya ng'ombe au mbuzi, na mchinjaji awe Mwislamu, ili kila mtu ale kwa amani. Ipikeni peke yake mpaka ilainike, ndipo muitie katika makande.

Sasa tupige hesabu. Mtu mmoja anatosheka na gramu 120 za mahindi yaliyokobolewa na gramu 60 za maharage, vyote vikiwa vikavu. Kwa watu 100 ni mahindi kilo 12 na maharage kilo 6. Vikiiva vinaongezeka zaidi ya mara mbili. Gawanya kwa kaya 20. Kila kaya itatoa mahindi gramu 600 na maharage gramu 300. Lakini kumbuka, mahindi yakikobolewa yanapungua. Kwa hiyo anayeleta mahindi ambayo hayajakobolewa alete robo tatu ya kilo. Mchango wenyewe ndio huo. Asiye na mahindi alete mzigo wa kuni, au kabichi, au achote maji. Mwandikeni katika daftari kama wengine, kwa sababu bila kuni hakuna makande.

Jihadharini na jambo moja. Maharage nayo yana tabia kama ya ule mchele wetu. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima ni magumu kuiva kuliko mapya. Ukiyachanganya, mapya yatapasuka na ya zamani yatagonga meno. Kwa hiyo michango ikusanywe siku mbili kabla. Chagueni mawe na yaliyotobolewa na wadudu. Maharage ya zamani yawekwe chombo chake, mapya chombo chake. Jioni ya tarehe 7 yaloweke katika maji mengi. Mahindi yaloweke pia. Asubuhi mwageni maji hayo. Tangulizeni motoni mahindi na maharage ya zamani. Yakianza kulainika, ongezeni maharage mapya.

Anzeni mapema kuliko watu wa pwani. Nitakueleza kwa nini. Joto hupimwa kwa nyuzi. Tanga mjini, karibu na bahari, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Mji wa Lushoto uko juu ya bahari kwa mita kama 1,400. Huku juu hewa haikandamizi maji kwa nguvu kama pwani, kwa hiyo maji huchemka mapema, kwenye nyuzi kama 95. Yanatokota, lakini hayana moto kama yale ya Tanga. Ndiyo maana maharage yetu huchelewa kuiva.

Wengine wakiona hivyo huongeza kuni. Ni kupoteza kuni. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauyazidishii joto. Unayakausha tu. Funika sufuria, punguza moto, acha yatokote polepole. Kuni tunazitafuta mbali siku hizi, na misitu yetu, kama ule wa Magamba, imehifadhiwa.

Nyanya tieni mwisho. Ukali wa nyanya hufanya maharage yachelewe kulainika. Nazi nayo mwisho. Na msipakue maharage mekundu yakiwa bado magumu. Yasipochemka sawasawa yanaweza kutapisha na kuharisha watu. Twaa punje kumi kutoka chini ya sufuria, zibonyeze kwa vidole. Zote zikibonyea, yameiva.

Sufuria ziwe mbili, kila moja ya kuingia ndoo mbili za maji. Wapakuaji wawili watumie upawa wa kipimo kimoja. Wazee na watoto waanze. Hakuna kurudia mpaka kila mtu awe amepata. Yatakayobaki yagawiwe jioni ile ile, na kabla ya kuliwa yachemshwe tena. Makande yenye nazi huchacha upesi.

Na wapenda pilau? Kama kaya mbili tatu zina uwezo, zipike sufuria ndogo kwa hiari yao, kila mtoto aonje kijiko. Mimi pia nitaonja.

Maswali

1. Kwa nini zile kaya tatu hazikuja kwenye pilau?
2. Kwa nini maharage ya zamani na mapya hayalowekwi pamoja?
3. Katika kijiji chenu, maharage huiva kwa saa ngapi? Muulize ndugu anayeishi Mombo au Tanga, yake huiva kwa saa ngapi?
4. Kaya zikiwa 30, zenye watu 5 kila moja, mtahitaji kilo ngapi za mahindi yaliyokobolewa? Na maharage je?